Waya Mweusi Niliouhamisha

Zaina mwanangu,

Mambo ya safari amekwisha kukwambia mamako, na najua amekwambia mara tatu tatu: maji ya kunywa, koti la baridi ya Nairobi, namba ya shangazi yako, boti ya mapema ya kwenda Mokowe ili basi lisikuache. Sitayarudia. Mamako ana haki ya kukupa maagizo. Mimi haki hiyo niliichezea mwenyewe, na kabla hujaondoka nataka ujue kwamba nakumbuka niliichezea lini na wapi.

Nimekaa chumba cha kazi. Alasiri imekwisha kuswaliwa, mlango nimeutia komeo, na wateja wakibisha wadhani sipo. Nimesukuma redio za watu pembeni nikapata mahali pa kuweka karatasi. Mtu mwingine angemwita mwanawe tu wakazungumza, lakini mimi na wewe tangu miaka mitano nyuma twasemezana kama wapangaji wa nyumba moja: chai ipo, mamako yuko wapi, funga mlango. Kwa hiyo naandika.

Nataka kusema juu ya gitaa la Bwana Omari. Najua ukiliona jina hilo utataka kuikunja karatasi hii uitie mfukoni. Ngoja kidogo.

Wewe hukuingia kazi hii kwa sababu nilikuita. Uliingia kwa sababu hukuweza kuona kitu kimefungwa kwa skrubu ukakiacha. Nilikuwa nikikufukuza, nawe ukirudi. Mwisho nikakuachia redio mbovu za kuchezea, nikidhani utachoka. Hukuchoka. Ulipofika miaka kumi na tisa ulikuwa umenipita, na hili ni neno ambalo sijapata kulisema kwa mtu yeyote. Risasi yako, ile ya kuungia nyaya, ilikaa ndogo kwenye kiungo, imetulia, yang'aa. Yangu hukaa donge. Mimi nilikuwa fundi wa kubahatisha na kupiga ubavu wa redio mpaka iseme. Wewe ulichukua mita ukapima, ukaandika daftarini, ukapima tena.

Wakumbuka amplifaya ya msikiti wetu, ile iliyokuwa ikikohoa katikati ya adhana? Siku mbili uliihangaikia hapa, mimi nikiwa nimelala na homa. Nilipoirudisha, watu waliinua mikono wakaniombea dua. Mungu akuzidishie, Bwana Shee, mikono yako ina baraka. Nikaitikia amina. Ilikuwa amina ya mwizi, Zaina. Nikarudi nyumbani nikala chakula ulichopika, na hata sikukwambia kwamba walifurahi.

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizitamka vizuri. Nilisema watu wa mji huu hawatakubali vyombo vyao vifunguliwe na mwana wa kike. Nilisema nakulinda na midomo yao. Labda palikuwa na punje ya ukweli, lakini nilichokuwa nikikilinda ni raha yangu ya kusifiwa. Wewe uliniomba kitu kimoja tu, kwamba kibao cha mlangoni kiandikwe "Shee na Binti". Nikakwambia ngoja mfungo upite.

Ikawa ni Shaaban, mwezi wa kabla ya mfungo, na Bwana Omari akaja na gitaa lake. Wajua alivyolipenda. Mpwa wake alimletea kutoka Arabuni, na katika kundi lake la taarabu hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa hata kulifuta vumbi. Gitaa la namna ile tulikuwa hatujapata kulifungua. Kwenye magitaa tuliyoyazoea, zile koili zilizo chini ya nyuzi hunasa sauti zenyewe bila kusaidiwa. Hizi zilitaka umeme wao, betri ndogo ya volti tisa iliyofichwa mgongoni, chini ya kifuniko cha skrubu. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imekwisha kuzila nyaya za betri zikawa unga wa kijani, na tundu la kuchomekea waya wa amplifaya nalo lilikuwa limeoza.

Ulilifunga upya peke yako. Nakumbuka ulivyonieleza, nami nikijifanya nasikiliza. "Baba, tundu hili lina maguu matatu," ulisema. "Moya la sauti, moya la mwili wa gitaa, na hili la kati halina kazi ya sauti. Waya mweusi wa betri waingia hapa kati. Plagi ikiingia, chuma chake chagusa guu la kati na la mwili pamoya, umeme wapita. Ukiitoa, betri yalala." Nikasema vyema, vyema, nikaendelea kutafuta miwani yangu.

Siku ya pili ulikuwa jikoni na mamako, mwasugua sufuria za kufungia mwezi. Omari alikuwa yuaja kulichukua gitaa lake. Nikalifungua nilikague, na jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye ule waya mweusi, umekaa kwenye mguu wa kati. Miaka thelathini mimi nimefunga nyaya nyeusi kwenye mwili wa chombo. Redio, kaseti, amplifaya, zote nyeusi kwenye mwili. Nikasema moyoni, binti amekosea. Nikapasha chuma cha risasi, nikauchomoa waya wako, nikauhamishia kwenye mguu wa mwili. Nikachomeka, nikagusa nyuzi, sauti ikatoka safi. Nikajipongeza. Nikasema hata sitamwambia, nisimvunje moyo.

Kutoka hapa nilipokaa mpaka jikoni ni hatua kumi. Nimezihesabu leo. Hatua kumi na swali moja: Zaina, mbona waya huu uko hapa? Lakini baba amwulize bintiye kazi? Niliona afadhali niguse kitu nisichokijua kuliko kukuuliza wewe uliyekijua.

Na uovu wa kosa lile ni kwamba halikuonekana. Wewe ulikuwa umeipa betri mahali pa kupumzika, mimi nikaufungulia umeme mchana na usiku, plagi iwemo isiwemo. Kwingineko mtu angelipiga gitaa lake kila wiki, angeisikia sauti ikidhoofu, angenung'unika na kubadili betri. Kwetu sisi, Ramadhani ikiandama hakuna arusi wala taarabu. Omari alilitwaa gitaa lake akalitundika ukutani, na mfungo mzima hakuligusa. Mwezi mzima betri ikamwagika ndani ya gitaa lililonyamaza.

Siku ya nne baada ya Idi tukaenda arusini Siyu, kundi zima, mimi nikiwa fundi wa mitambo. Njiani Omari aliniuliza kama nimelipima gitaa. Nikamwambia nimelipima. Sikusema uongo. Nililipima, mwezi mmoja nyuma.

Watu walijaa. Omari akakaa kitini, akalipakata, akachomeka. Sauti ya kwanza ilitoka ya kukwaruza, ya pili ikatoka ndogo, kisha kimya. Akazungusha vifungo. Kimya. Nikabadili waya wa amplifaya, nikabadili mahali pa kuuchomeka. Kimya. Mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Gitaa nalo lafunga sita?" Na kweli baadhi ya watu pale walikuwa wamefunga zile siku sita za baada ya Idi, basi uwanja mzima ukaangua kicheko.

Omari hakucheka. Akanigeukia. "Shee, gitaa langu mumelifanyani?"

Nayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, ili usidhani nimeyasahau. Nilisema, "Si mimi. Ni Zaina, binti yangu, ndiye aliyelifunga. Nilimwatia kazi akanipotezea."

Kazi zako zote njema nilikuwa nimezivaa mimi. Siku ile ndiyo ya kwanza, na kwa miaka mitano ya pekee, niliyolitaja jina lako mbele za watu kwamba wewe ni fundi.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo hakuna mtu alijualo. Mwenyeji wetu alikuja na betri za tochi kwenye bakuli, akaniuliza kama zafaa. Betri sita za tochi ukizifunga mfululizo zatoa volti tisa. Nilikuwa na waya, nilikuwa na mkasi, nilikuwa na utepe. Kwa robo saa ningelilisemesha gitaa lile na arusi ikaendelea. Nikaishika bisibisi nifungue kifuniko, mkono ukasita. Sikujua bado kwamba kosa ni langu, wallahi sikujua. Nilijua tu kwamba nimemtaja mtu kabla ya kutazama, na baada ya kumtaja sikutaka tena kutazama. Nikamwambia mwenyeji hazifai. Arusi ikaenda kwa kinanda peke yake, na Omari akakaa na gitaa mapajani mpaka mwisho, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshike.

Niliporudi kwetu Amu na gitaa la Omari nilitazame, maneno yalikuwa yamenitangulia. Ulinipokea mlangoni, hukulia, hukupandisha sauti. Uliniuliza, "Baba, uliipima betri?"

Nikakujibu, "Betri ni mpya. Usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nauliza."

Nikakupita nikaingia ndani.

Kesho yake nikalifungua gitaa hapa, peke yangu. Waya mweusi ulikuwa kwenye mguu wa mwili, na risasi iliyoushika ilikuwa donge. Sikuhitaji mita kujua imetiwa na nani.  Nikaurudisha waya pale ulipouweka wewe, nikatia betri nyingine, nikampelekea Omari. Akaniuliza lilikuwa na nini. Nikasema, "Yambo dogo la mwana, nimelitengeza."

Siyu nilikuwa mjinga na mwoga. Kwa Omari nilikuwa najua. Ukiniuliza lipi linaniuma, ni hili la pili. Lile la kwanza naweza kulieleza kwa watu nikahurumiwa, hili halielezeki.

Yaliyofuata wayajua kunishinda. Bi wa nyumba ya pili alikuja kuchukua pasi yake uliyokuwa umekwisha kuitengeneza, akaibeba kwa ncha za vidole. Vijana wa barazani wakawa wakikuona wapita na buibui lako wakuuliza kama wauza magitaa ya kufunga sita.  Siku moja nilikuta umeikunja mita yako na chuma chako kwenye leso, na mamako amekupeleka Mokowe kwa mamako mdogo, ukija kwetu Ijumaa kwa Ijumaa kama mgeni. Mimi nikasema, mwache apumzike. Angalia maneno hayo. Nilikuwa nimekuvunja mkono, nasema upumzike.

Huko Mokowe ukaanza tena, kwenye meza ya jikoni ya watu. Ukatengeneza simu, spika, kinanda cha mtu fulani, halafu gitaa moja, na jingine. Ukapiga picha viungo vyako, ukazituma, na yule mama wa Nairobi mwenye karakana ya magitaa akakuita. Hukuniomba ruhusa, hukuniomba dua. Habari nilipewa na mamako nikiwa nakunywa uji. Nilikasirika, kwanza. Nikasema baba gani huyu ambaye mwanawe asafiri asimwambie. Mamako aliendelea kumenya vitunguu, na hapo nikalipata jibu.

Babangu mimi hakupata kukosea maisha yake yote, kwa alivyosema yeye. Kitu kikiharibika mkononi mwake, alikuwapo mtu pembeni wa kubeba, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Nilimchukia kwa hilo, kisha nikalirithi pamoja na bisibisi zake. Nilikuwa nikijiambia kwamba mimi si kama yeye kwa sababu mimi sikupiga. Ni kweli, sikukupiga. Ningekupiga ungepona siku ya tatu.

Huko uendako utaharibu vyombo vya watu. Kila fundi huharibu. Sikuombei usikosee, nakuombea siku utakayokosea uweze kusema siku ile ile. Mimi nilisema moyoni, nitamwambia wiki ijayo, watu wakishasahau. Wiki ikawa mwezi. Na kila nilipochelewa, kosa langu la waya likabaki vile vile, la dakika moja na chuma cha moto, lakini kunyamaza kwangu kukaota ndevu. Mwisho nikawa naogopa kukiri kunyamaza, na kosa lenyewe nimelisahau.

Na mtu akiivaa kazi yako, mvue hapo hapo. Usimwonee haya, hata akiwa amekuzidi umri, hata akiwa amekuzaa. Najua si vyema baba kumwambia mwanawe hivyo. Lakini nimekaa kitako nikatafuta la kukufaa katika maisha yangu yote, na mengi niliyoyapata ni ya namna hii, ya kukuonyesha mahali nilipoangukia.

Nilikuwa nimekusudia barua hii iwe ya kukufunulia siri. Nilijiona shujaa kidogo, usicheke. Juzi nikamwambia mamako, kwa mara ya kwanza, kwamba lile gitaa nililiharibu mimi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ghadhabu yake. Aliniangalia kama mtu aambiwaye habari za yana.

"Zaina ayua," akasema.

"Ayua nini?"

"Ayua ni wewe. Siku uliyorudi Siyu, ulipokwenda kuswali, alilifungua yeye kabla yako. Akaona risasi yako. Akalifunga akaliweka pale pale, akasema, Baba akiliona atasema."

 Miaka mitano. Nilikuwa nakula nawe meza moja Ijumaa zote hizo, nikidhani nakuficha, kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinificha. Kila uliponimiminia chai ulikuwa wanipa nafasi, na mimi nikaitia sukari nikanywa.

Nikamwuliza mamako, mbona hakunisema? Vijana walimcheka, majirani walimkimbia, mbona hakusimama mlangoni akawaambia ni babangu? Mamako akasema hata yeye alikuuliza hivyo, nawe ukamjibu: "Mimi wakinisema nina baba. Baba wakimsema ana nani?"

Jibu hilo limenishinda kulibeba. Ungekuwa umenitukana ningelipokea tusi lako, ningesema haki yangu. Ungekuwa umenichukia ningejua pa kuanzia. Wewe ukaniheshimu, na uliyemheshimu hakuwapo nyumbani. Nina hasira nawe kwa hilo, nalisema wazi, na najua sina haki ya hasira hiyo wala nyingine yoyote.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bwana Omari. Alikuwa barazani kwake na watu wanne, wawili kati yao walikuwapo Siyu. Kama wangekuwa wamejaa kama siku ya arusi ingekuwa bora, lakini nilichelewa sana kuchagua watu. Sikukaa. Nikawaambia nikiwa nimesimama: waya wa lile gitaa Zaina aliufunga sawa, mimi niliuhamisha kwa kutojua, na nilipojua nikanyamaza, na nilimtaja bure. Nikataja jina lako mara mbili, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

 Mmoja akaanza kuzivuta tasbihi zake kwa haraka. Mwisho Omari akasema, "Miaka mitano, Shee. Miaka mitano mwana wako apita mbele yetu na sisi twacheka." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na wewe hukaa hapa nasi." Nikasema ndiyo, nilikaa hapa. Akainuka, nikadhani yuanifukuza. Alikwenda ndani akarudi na gitaa, maana lilikuwa limeanza tena kukwaruza na alikuwa amenipangia kuniletea jioni hii. Akaliweka nyuma ya kiti chake. Akasema hakuna mkono mwingine utakaolifungua ila wa Zaina.

Huenda kesho mteja mwingine atakuja kuniondolea chombo chake hapa, na kesho kutwa mwingine. Vyote viko tayari juu ya meza, nimeviandika majina. Usirudi nyuma kwa sababu hiyo, wala usimwache mamako akuambie neno la huruma juu yangu. Kwa kuwa umekuja kulala kwetu utuage, kesho nitakuchukulia mzigo mpaka forodhani kama utaniruhusu. Ukiona huwezi kusema nami mbele za watu, usiseme, mimi nitaelewa.

Nilipokuwa nageuka niondoke barazani, Omari aliniuliza Zaina yuaenda lini. Nikamwambia kesho. Akauliza, "Na atarudi lini?" Nikasema sijui. Wote watano wakanitazama, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sijui.

Babako,
Shee